Bima ya Gari kwa Dereva Mwenye Rekodi Mbaya: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaotafuta bima baada ya ajali, kesi ya ulevi au kufungiwa leseni hukwama mahali pamoja: wanaanza kwa kuuliza bei. Kampuni ya kwanza inawakataa, ya pili inataja bei ya kutisha, na wakifika kwa ya tatu wanaamua kuficha kidogo. Bei inashuka, kava noti (hati ya muda ya bima) inatoka, moyo unatulia. Bima ya namna hiyo huonekana nzima hadi siku ya ajali.

Hapa bei inakuja katika hatua ya saba. Hatua sita zinazotangulia ndizo zinazoamua itakuwa bei gani, na kama utapewa bima kabisa. Sheria za nchi hutofautiana, lakini jinsi kampuni za bima zinavyompima dereva hakutofautiani sana popote ulipo.

Vitu vya kukusanya kabla ya kuongea na kampuni yoyote

- Leseni yako ya udereva, iwe hai, pamoja na tarehe ulipoipata mara ya kwanza.
- Rekodi ya makosa yako ya barabarani kutoka mamlaka inayotoa leseni au polisi.
- Barua ya historia ya madai kutoka kampuni yako ya zamani, inayoonyesha ulidai nini, lini, na ulilipwa kiasi gani. Kama hukudai chochote, iseme hivyo.
- Hukumu au karatasi za mahakama, na risiti za faini zote ulizolipa.
- Kadi ya gari, namba ya chasisi na ya injini, na picha za gari pande zote nne.
- Ripoti ya mthamini wa magari, kama unataka bima kubwa, yaani inayogusa pia gari lako.
- Barua ya daktari, kama una ugonjwa unaoweza kugusa uendeshaji: kifafa, macho, moyo, kisukari kinachohitaji sindano.
- Cheti cha mafunzo yoyote ya udereva uliyofanya baada ya tatizo.
- Karatasi moja yenye tarehe za kila tukio. Hii utaiandika mwenyewe katika hatua ya pili.

Anza kukusanya angalau mwezi mmoja kabla ya siku unayotaka bima ianze. Barua ya historia ya madai ndiyo huchelewa kuliko vyote. Anayenunua bima jioni ya siku ambayo ya zamani inakwisha hana muda wa kulinganisha, na kampuni nyingine humtoza zaidi kwa sababu hiyo.

Hatua ya 1: Jua kwa nini unahesabiwa wa hatari

Kampuni ya bima inapiga hesabu ya mambo mawili: uwezekano kwamba itakulipia, na ukubwa wa malipo yenyewe. Dereva wa hatari ni yule ambaye moja kati ya hayo, au yote mawili, yamepanda.

Sababu ni nyingi na hazitibiki kwa dawa moja. Kuna walioendesha wamelewa, waliofungiwa leseni, waliokamatwa wakiendesha bila bima. Kuna wenye ajali kadhaa, hata kama nyingine hazikuwa kosa lao. Kuna wasio na kosa lolote ila ni wapya barabarani, au wamekaa miaka bila kuendesha. Wengine bima yao iliwahi kufutwa kwa kutolipa. Na wapo ambao tatizo lao ni gari: injini kubwa, vipuri adimu, au aina inayopendwa na wezi.

Andika sababu yako kwa sentensi moja. Dereva mpya atapona kwa muda na kwa gari dogo. Mwenye madai mengi atapona kwa kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara. Aliyefungiwa leseni kwa ulevi anahitaji kampuni inayokubali madereva wa namna yake, na kuhangaika na zisizowakubali ni kupoteza siku.

Umefaulu hapa ukiweza kumweleza wakala tatizo lako bila kuzunguka.

Hatua ya 2: Ipate rekodi yako na uisome neno kwa neno

Usitegemee kumbukumbu. Kampuni itaangalia rekodi, si unachokumbuka, na pale viwili visipolingana wewe ndiye utakayeonekana mwongo.

Omba rekodi ya makosa na ile ya madai, kisha zilinganishe. Tafuta makosa ya aina tatu. La kwanza ni tukio la mtu mwingine kuandikwa kwako, hasa kama uliwahi kuuza gari bila kubadilisha umiliki. La pili ni dai ambalo bado limeandikwa "wazi" ingawa lilishafungwa. Dai lililo wazi humtisha mpangaji wa bei kuliko lililolipwa, maana hajui litaishia wapi. La tatu ni ajali iliyoandikwa kuwa kosa lako wakati upande wa pili ulikubali kuwajibika.

Ukikuta kosa, omba marekebisho kwa maandishi na uambatishe ushahidi. Subiri jibu la maandishi pia. Ahadi ya mdomo kwamba "tutarekebisha" haitakusaidia wakati wa kudai.

Sasa andika ile karatasi ya tarehe: tukio, tarehe lilipotokea, tarehe ya hukumu kama ipo, nani alikuwa na kosa, nini kililipwa. Tenganisha tarehe ya tukio na ya hukumu, kwa sababu zinaweza kupishana kwa miezi, na fomu nyingine huhesabu kutoka moja, nyingine kutoka nyingine.

Hatua ya 3: Safisha kinachosafishika

Lipa faini zilizobaki. Maliza muda wa kufungiwa na uirudishe leseni rasmi. Siku za adhabu kuisha hakumaanishi leseni imefunguka yenyewe, na katika nchi nyingi lazima uombe irudishwe. Ukiendesha kabla ya hapo una kosa jipya, ambalo linaweza kuwa zito kuliko la kwanza.

Mafunzo ya udereva wa kujihami husaidia baadhi ya watu. Kabla ya kulipia, uliza kampuni mbili au tatu kama zinatambua cheti cha chuo unachokifikiria. Cheti kisichotambuliwa hakishushi bei.

Hatua ya 4: Amua unahitaji kinga gani, na kwa gari gani

Bima ya mtu wa tatu, ile wengi wanaiita bima ndogo, inalipa uliowaumiza na mali zao ulizoharibu. Gari lako mwenyewe halimo. Ndiyo ambayo sheria za nchi nyingi humlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Kati yake na bima kubwa kuna inayoongeza moto na wizi. Bima kubwa inagusa pia gari lako likigongwa, hata kama kosa ni lako.

Usidhani bima ndogo lazima iwe nafuu zaidi kwa dereva wa hatari. Kinachoiogopesha kampuni ni watu utakaowagonga, na sehemu hiyo imo katika zote. Omba bei za aina zote kabla ya kuchagua.

Kama gari lako ni la zamani na thamani yake inakaribia ada ya mwaka ya bima kubwa pamoja na kiasi cha hasara utakachobeba mwenyewe kila unapodai, bima kubwa haina faida. Kama gari lina mkopo, benki huenda ikakulazimisha kuichukua. Soma mkataba wa mkopo kwanza. Na kama bado hujanunua gari, ulizia bima ya lile unalolitamani kabla ya kulipa arubuni. Kuna wanaopata gari kwa bei ya kutupa, halafu bima ya mwaka inawashinda.

Kuhusu thamani ya kukatia bima: usiishushe ili ada ipungue. Chukua gari lenye thamani ya 10,000 kwa fedha yoyote, likakatiwa bima ya 6,000. Limepata hasara ya 2,000. Mikataba mingi inasema umekatia bima asilimia 60 tu ya gari, kwa hiyo utalipwa asilimia 60 ya hasara: 1,200, na hapo bado hawajatoa kiasi unachobeba mwenyewe. Kupandisha thamani nako hakusaidii, kwani kampuni hulipa thamani halisi ya gari siku ya hasara na si uliyoitamka.

Hatua ya 5: Jaza fomu ya maombi kwa ukweli wote

Hapa ndipo watu wengi wanapojiharibia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bima inasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu. Kampuni haikujui, inapanga bei kwa unachoiambia. Ikigundua ulificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wake, inaweza kukataa kulipa, kupunguza malipo, au kuufuta mkataba kana kwamba haukuwahi kuwapo. Kwa bima ya mtu wa tatu, sheria za nchi nyingi huilazimisha kampuni imlipe majeruhi hata hivyo, lakini ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe uirudishie kila senti. Malipo ya mtu aliyepooza kwa ajali yanaweza kumaliza nyumba, shamba na akiba ya uzeeni.

Tazama swali kama linavyoandikwa mara nyingi:

"Je, wewe au mtu mwingine yeyote atakayeendesha gari hili amepata ajali, amedai fidia, au amepatikana na hatia ya kosa la barabarani katika miaka 5 iliyopita?"

Ni maswali mengi ndani ya moja. "Mtu mwingine yeyote" ni mke, mume, kijana wako, dereva wako. "Amepata ajali" ni tofauti na "amedai fidia": ile ajali mliyomalizana kwa fedha taslimu kando ya barabara imo. "Miaka 5" inaweza kuanza kwenye tukio au hukumu. Kama fomu haisemi, uliza kwa maandishi.

Jibu linaloleta matatizo: "Ajali ndogo tu, haikuwa kosa langu."

Jibu linalofaa: "Ndiyo. Machi 2022, niligonga gari la mbele kwenye foleni, kosa langu. Magari yote mawili yalitengenezwa kwa bima, hakuna aliyeumia. Novemba 2023, faini ya mwendo kasi. Imelipwa, risiti imeambatishwa. Mume wangu pia ataendesha. Yeye hana ajali wala kosa katika kipindi hicho."

La pili linamtuliza anayepanga bei kwa sababu halina shimo la kujazia hofu. Lile la kwanza humwacha akisie, na mpangaji wa bei akikisia hukisia juu.

Mitego mingine ya fomu

Kuandikisha bima kwa jina la mzazi au ndugu mwenye rekodi safi, ilhali anayeendesha kila siku ni wewe, ni udanganyifu. Mzazi akionekana dereva mkuu kwenye hati na wewe ukapata ajali ukienda kazini, mtaulizwa nyote wawili, na rekodi ya mzazi itachafuka pamoja na yako. Njia halali ni kinyume chake: wewe dereva mkuu, na ndugu mwenye rekodi nzuri aandikwe dereva wa pili, kama kweli ataendesha. Kampuni nyingine hushusha ada kwa hilo.

Matumizi ya gari nayo yaseme kama yalivyo. Ukisema "binafsi" na jioni unabeba abiria wa kulipia kwa programu ya simu, ajali ya jioni hiyo inaweza isilipwe. Marekebisho ya gari pia: rimu kubwa, injini iliyoongezwa nguvu, vioo vilivyotiwa giza, mtungi wa gesi.

Swali la "bima yako imewahi kukataliwa au kufutwa?" hujibiwa ndiyo hata kama ilifutwa kwa kuchelewa kulipa awamu moja.

Akikujazia wakala, soma kila jibu kabla ya kusaini. Wakala mwenye haraka ya kufunga mauzo anaweza kuandika "hapana" mahali uliposema ndiyo. Saini ni yako, na wewe ndiye utakayeulizwa. Piga picha fomu iliyojazwa.

Umefaulu hapa ukiwa na nakala ya fomu ambayo hungeogopa kuisomewa siku ya ajali.

Hatua ya 6: Peleka maombi mahali panapokubali

Wakala huuza bidhaa za kampuni inayomtuma. Dalali wa bima anafanya kazi kwa ajili yako na ana njia ya kufika kwenye kampuni nyingi, zikiwamo zile ambazo huwezi kuziona ukitafuta peke yako. Kwa rekodi ngumu, anza na dalali aliyesajiliwa. Muulize moja kwa moja: "Umeshawakatia bima madereva wenye tatizo kama langu? Ni kampuni gani huwakubali?" Akijibu kwa kubabaika, nenda kwa mwingine.

Mpe maombi yale yale, na kama unatumia madalali wawili wape maelezo yanayofanana. Majibu tofauti kwa gari moja huleta shaka.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uihifadhi barua. Barua hizo zinaweza kukufungulia mlango wa mwisho. Nchini Ufaransa, dereva aliyekataliwa anaweza kwenda Bureau central de tarification, chombo kinachopanga bei ambayo kampuni italazimika kumkatia bima ya lazima. Nchini Hispania, Consorcio de Compensación de Seguros hukatia bima ya lazima wale ambao kampuni zimewakataa. Majimbo mengi ya Marekani yana mipango ya kuwagawa madereva waliokosa bima kati ya kampuni zinazofanya biashara hapo. Uliza mamlaka ya bima ya nchi yako kama kuna utaratibu wa aina hiyo.

Onyo: kipindi hiki ndicho wanachokipenda matapeli. Anayekuahidi bima "bila maswali", kwa nusu bei, malipo kwenye namba yake binafsi ya simu, anakuuzia karatasi. Hakiki usajili wake kwa mamlaka ya bima kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya 7: Linganisha bei, na usiangalie ada peke yake

Pata bei zisizopungua tatu, zote kwa kinga ile ile, thamani ile ile na madereva wale wale. Kisha tafuta katika kila moja kiasi cha hasara utakachobeba mwenyewe kila unapodai. Kwa dereva wa hatari kiasi hicho huwa hakiji kimoja: kuna cha kawaida, kinaongezwa cha dereva mpya au mwenye rekodi, kinaongezwa ulichokubali kwa hiari ili ada ishuke. Vyote hujumlishwa. Uliza jumla.

Mfano. Kampuni moja inataka ada ya 900 kwa mwaka, na kila ajali unabeba 200. Nyingine inataka 780, unabeba 600. Ya pili inakuokolea 120 kwa mwaka, lakini ajali moja inakugharimu 400 zaidi. Utahitaji zaidi ya miaka 3 bila ajali ndipo ikulipe. Jiulize pia kama hizo 600 unazo leo. Kama huna, gari litakaa gereji likisubiri mchango wako.

Vitu vinavyoweza kushusha ada kihalali ni kuegesha gari ndani ya uzio, kufunga kizuia wizi au kifaa cha kulifuatilia, kupunguza idadi ya madereva waliotajwa, na kutaja kilomita chache kama kweli huendeshi sana. Kuna pia kifaa kinachorekodi mwendo, kufunga breki ghafla na saa za usiku. Kwa dereva aliyetulia, hicho ni ushahidi wa kuanzia upya. Kwa anayeendesha kwa pupa, kitamwongezea bei au kumfutia bima. Kabla ya kukubali, uliza nani ataziona taarifa hizo na zitatumikaje.

Hatua ya 8: Lipa, kisha hakiki

Kulipa kwa mkupuo ndiko salama zaidi. Awamu mara nyingi zina riba, na ukikosa moja bima inaweza kufutwa, ndipo lile swali la "imewahi kufutwa?" linapopata jibu jipya dhidi yako. Ukilazimika kulipa kwa awamu, panga tarehe ya makato siku moja au mbili baada ya mshahara.

Usiifute bima ya zamani kabla mpya haijaanza. Hata siku chache za pengo huonekana, na ukikamatwa ndani yake ni kosa jingine.

Hati ikifika, soma jina, namba ya gari, chasisi, tarehe na saa ya kuanza, madereva, matumizi, na sehemu ya yasiyolipwa. Kosa la herufi moja kwenye chasisi lirekebishwe siku hiyo hiyo. Thibitisha namba ya bima kwenye mfumo wa mamlaka, kama upo, au piga simu makao makuu ya kampuni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Umefaulu hapa kama taarifa zilizo kwenye hati, kwenye fomu uliyosaini na kwenye kadi ya gari zinalingana.

Hatua ya 9: Linda mwaka wa kwanza

Hapa unaanza kujenga rekodi mpya. Ajali yoyote, itolee taarifa kwa kampuni ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, hata kama hutadai. Kutoa taarifa na kudai ni mambo mawili. Kama matengenezo yanazidi kidogo tu kile unachobeba mwenyewe, lipa mfukoni. Dai dogo linaweza kupandisha ada ya miaka inayofuata kuliko ulicholipwa.

Ukibadilisha anwani, kazi, dereva au matumizi ya gari, iambie kampuni mara moja kwa maandishi.

Wiki sita kabla ya bima kuisha, toa ile karatasi ya tarehe. Angalia ni tukio gani limevuka muda unaoulizwa kwenye fomu, kwa maana hilo hutalazimika kulitaja tena. Kama tukio litavuka siku chache baada ya tarehe ya kuanza bima mpya, mwambie dalali akuulizie kama kampuni itapanga bei upya likishavuka. Chukua barua mpya ya historia ya madai, na utafute bei tena kwa kampuni zote, pamoja na zilizokukataa mwaka jana. Usikubali bima ihuishwe kimyakimya: kampuni iliyokupokea ulipokuwa mgumu haina sababu ya kukushushia bei usipoomba.

Ukifikisha mwaka bila dai, omba punguzo la kutodai liandikwe kwenye barua, kwa asilimia na kwa idadi ya miaka.